Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Mada kwa Wasanidi Programu: Mwongozo Kamili

Jioni nyingi za wasanidi programu huharibika kwa sababu moja: mada ni nyingi mno. Mwandaaji anaogopa ukimya, basi anapanga wazungumzaji watano. Wa kwanza anahangaika kuunganisha laptopu, wa pili anapitiliza dakika kumi na tano, na ikifika zamu ya wa nne nusu ya ukumbi inaangalia saa. Wa tano anazungumza na viti. Watu wanaondoka bila hata kujua jina la aliyeketi kando yao, ilhali pengine ndiye mwenye jibu la tatizo linalowasumbua kazini mwezi mzima.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba mada mbili zinatosha. Muda unaobaki ni wa watu kuzungumza wao kwa wao, na muda huo unapangwa na kulindwa kama mada yenyewe. Si jambo jipya. Homebrew Computer Club, klabu ya wapenda kompyuta, ilianza tarehe 5 Machi 1975 kwenye gereji moja huko Menlo Park, California. Ilipokua na kuhamia ukumbini, mwendeshaji wake, Lee Felsenstein, aliugawa mkutano sehemu mbili. Kwanza watu walisimama na kusema kwa ufupi wana nini na wanatafuta nini. Baada ya hapo kikao kilifunguliwa, kila mmoja akaenda kumsaka yule aliyemsikia. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliionyesha kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I mbele ya watu hao hao. Sehemu hiyo ya kusimama na kusema nimeiweka kwenye ratiba hapa chini, na nakusihi usiikate hata muda ukibana.

## Wiki sita kabla: wenzako, tarehe, ukumbi

Usianze peke yako. Mnahitajika watatu kwa uchache: mshereheshaji, mtu wa vifaa na mtu wa mlangoni. Anayetafuta adapta ya projekta hawezi wakati huo huo kumpokea mgeni aliyefika kwa mara ya kwanza na hajui akae wapi.

Tarehe iwe ya kukaririka, kwa mfano Jumatano ya pili ya kila mwezi. Ukibadilisha siku kila mara ili kuwaridhisha wote, hakuna atakayeikumbuka.

Ukumbi nenda ukauone kwa macho yako, tena saa ile ile ya jioni mtakayokutana. Mchana utaona chumba kizuri. Jioni ndipo utagundua kuwa jua la magharibi linapiga moja kwa moja kwenye skrini, au kwamba kiyoyozi huzimwa watumishi wakitoka. Uliza mambo haya bila haya: mlango wa nje unafungwa saa ngapi, na mlinzi ana taarifa? Anayetumia kiti cha magurudumu ataingiaje, na choo atakifikia? Soketi ziko wapi? Nani ana ufunguo wa chumba cha mitambo, na siku hiyo atakuwepo? Kati ya ukumbi mkubwa na mdogo chagua mdogo. Watu arobaini kwenye chumba cha hamsini ni mkusanyiko. Arobaini hao hao kwenye chumba cha mia mbili watakaa mbalimbali na hakuna atakayethubutu kuuliza swali.

Mara nyingi kampuni itakupa ukumbi wake bure. Pokea, lakini mkubaliane kwa maandishi itapata nini: dakika tano za kujitambulisha mwanzoni na shukrani kwenye tangazo. Usiahidi orodha ya waliojiandikisha, hata ukiombwa kwa upole.

## Kupata wazungumzaji

Swali la "nani angependa kuzungumza?" likitupwa kundini huzaa ukimya, au humleta yule yule anayezungumza kila mara. Anayefaa zaidi mara nyingi hajioni kuwa na la kusema. Kwa hiyo mfuate mtu mahsusi kwa jambo mahsusi:

"Habari za kazi. Wiki iliyopita ulieleza jinsi mlivyohamisha hifadhidata bila kuzima huduma. Ungeweza kutusimulia hilo kwa dakika ishirini? Nitakusaidia kulipanga, na tutafanya jaribio pamoja kabla ya siku yenyewe."

Ujumbe huo una nguvu kwa sababu mada tayari unayo na hofu umeipunguza. Anabaki kusema ndiyo au hapana.

Kisha mbanane kwenye kichwa cha mada. Tuseme amekuletea "Utangulizi wa Hifadhidata". Hilo mtu atalisoma nyumbani, tena vizuri zaidi. Muulize: ni nini hasa kilitokea? Ataanza kusimulia kuwa kulikuwa na ripoti iliyokuwa ikichukua sekunde arobaini kufunguka, wakalaumu seva, wakaongeza kumbukumbu, wapi. Mwishowe wakakuta jedwali halina faharasa (orodha inayoharakisha utafutaji) kwenye safu moja tu. Mada ndiyo hiyo: "Ripoti ya sekunde arobaini: tulivyolaumu seva bure". Mada nzuri ina kitu kilichoharibika, uamuzi uliofanywa, na namba ya kabla na baada. Mada dhaifu ni ziara ya vipengele vya zana fulani.

Matangazo ya biashara yanayojifanya mada yana kipimo chake. Ondoa jina la bidhaa kwenye maelezo, halafu jiulize kama msikilizaji bado ataondoka na kitu. Kama hakuna, mwambie mzungumzaji achukue zile dakika tano za mdhamini.

Kwa anayepanda jukwaani mara ya kwanza, mpe dakika tano. Mtindo huo ulipata umaarufu mwaka 2000 kwenye YAPC, mkutano wa watumiaji wa lugha ya Perl, chini ya usimamizi wa Mark Jason Dominus, na mpaka leo haujachuja. Ipo pia mitindo ambayo slaidi hujigeuza zenyewe. PechaKucha, iliyoanzia Tokyo mwaka 2003, ina slaidi 20 za sekunde 20 kila moja, yaani dakika 6 na sekunde 40. Ignite, iliyoanzia Seattle mwaka 2006, ina slaidi 20 za sekunde 15, yaani dakika tano kamili. Inachangamsha, lakini kwa mada za programu mimi siipendi: msimbo unahitaji kutulia nao, na slaidi isiyokungoja inakuondoa hapo wakati msikilizaji ndiyo kwanza amefika mstari wa tatu. Kwa mada ya wazo au ya kazi, sawa.

## Wiki moja kabla: jaribio

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotenganisha jioni nzuri na jioni ya kuvumiliana. Keti na kila mzungumzaji, ana kwa ana au kwa simu ya video, mwache atoe mada yote huku ukipima muda bila kumkatiza. Mada ya dakika ishirini inapaswa kuishia kwenye kumi na saba hapo. Ukumbini kuna kicheko, kuna kikohozi, kuna maneno yasiyokuwemo. Dakika tatu hizo zitaliwa tu. Akifika ishirini na tano, msimwombe aongee haraka. Tafuteni sehemu nzima ya kuondoa.

Halafu tazama slaidi kama aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Msimbo usizidi mistari kumi au kumi na miwili kwa slaidi moja, na herufi zisipungue ukubwa wa pointi 24. Mandhari nyeusi anayoipenda kwenye kihariri chake huonekana maridadi kwenye laptopu, lakini projekta haiwezi kutoa weusi. Weusi wa projekta ni ule tu wa ukuta usiopigwa na mwanga, na taa zikiwa zimewashwa huo ni kijivu. Herufi za bluu iliyokoza juu yake hupotea kabisa. Ukumbi ukiwa na mwanga, tumieni mandhari nyeupe. Akionyesha mabadiliko ya msimbo kwa nyekundu na kijani, aweke pia alama za kujumlisha na kutoa, maana katika ukumbi wowote uliojaa huenda yupo asiyetofautisha rangi hizo mbili.

Demo, yaani kuonyesha programu ikifanya kazi papo hapo, ni habari ya peke yake. Kanuni ni kwamba demo isitegemee intaneti ya ukumbi. Kila kinachowezekana kiende kwenye mashine yake mwenyewe, na video ya demo ikifanya kazi iwe imerekodiwa na kuhifadhiwa kwenye laptopu. Ikigoma jukwaani, mzungumzaji ajipe sekunde thelathini za kujaribu, kisha afungue video bila kuomba radhi mara tatu. Hakuna anayekereka na video. Kinachokera ni kumtazama mtu akisoma ujumbe wa hitilafu kimoyomoyo kwa dakika nne.

Tena kuna suala la kulinda siri. Mzungumzaji atumie akaunti tofauti ya mtumiaji kwenye laptopu, au angalau wasifu mpya wa kivinjari, arifa zote zikiwa zimezimwa. Historia ya terminali (dirisha la kuandikia amri) isafishwe, kwa sababu mshale wa juu ukibonyezwa mara mbili unaweza kuleta amri yenye nenosiri ndani yake. Faili la mipangilio lenye funguo za huduma (herufi za siri ambazo programu hutumia kuingia kwenye huduma nyingine) lisifunguliwe mbele ya watu. Ikitokea ufunguo umeonekana kwenye skrini, ufutwe kule ulikotolewa na utolewe mwingine usiku huo huo. Simu zilizokuwa zinapiga picha ukumbini huzijui. Na kama ufunguo huo umeingia kwenye hazina ya Git (mfumo unaotunza kila toleo la msimbo) iliyo wazi, kuuondoa kwenye mabadiliko yanayofuata hakusaidii, maana historia bado inao.

## Tangazo na usajili

Hapa pasikupe shida. Tangazo liseme ni nini, nani, wapi hasa (ghorofa na chumba), tukio linaanza na kuisha saa ngapi, na anayehitaji msaada wa kuingia amtafute nani. Andika "saa 1:00 usiku" au "19:00", usiandike "saa 1:00" tupu, kwa sababu kuna atakayeiweka kwenye kalenda ya simu kama saa saba mchana.

Tukio la bure huandikisha wengi kuliko wanaofika, na hakuna maneno matamu yatakayobadilisha hilo. Usishangae theluthi moja wakikosekana, mara nyingine hata nusu. Ruhusu usajili uzidi viti kwa kiasi, tuma ukumbusho siku moja kabla na mwingine asubuhi ya siku yenyewe, na kwenye kila ukumbusho weka kiungo cha kughairi kwa mguso mmoja. Kwenye fomu omba jina na barua pepe, basi. Namba ya simu, mwajiri na umri huna kazi navyo.

Kanuni za maadili ziwepo na ziwe fupi: nini hakikubaliki, aambiwe nani, na atachukua hatua gani. Wapokea malalamiko wawe wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, na namba zao zionekane ukutani siku hiyo. Kanuni zisizo na mtu wa kupigiwa simu ni pambo.

## Vifaa

Mtu wa vifaa abebe begi moja ambalo kila kitu kimo: kebo ndefu ya HDMI, adapta ya USB-C kwenda HDMI (mbili, maana moja itaondoka na mzungumzaji), ekstensheni, betri za ziada za kipaza sauti na za rimoti ya slaidi, utepe wa gundi wa kubana kebo sakafuni ili watu wasijikwae, na laptopu ya akiba. Slaidi zote ziwe ndani ya laptopu hiyo kwa muundo wa PDF. Fonti zikipotea au programu ikikataa kufunguka, PDF inasimama.

Laptopu zote zijaribiwe kwenye projekta ile kabla ya milango kufunguliwa, si mapumzikoni. Tatizo la kawaida ni picha kukatwa pembeni au skrini kubaki nyeusi, na dawa yake mara nyingi ni kushusha azimio la picha hadi 1920 kwa 1080, au 1280 kwa 720 kwa projekta za zamani.

Kuhusu sauti: spika zikipiga mluzi, ni kwa sababu kipaza sauti kinasikia spika, spika inarudia, na mzunguko unajilisha. Zisogeze spika mbele ya mzungumzaji, zikiwaelekea wasikilizaji, na mwambie asitembee mbele ya spika hizo. Kipaza sauti kikae karibu na kidevu. Wengi hukishusha hadi kifuani baada ya dakika mbili, na fundi wa sauti anapoongeza nguvu kufidia ndipo mluzi unapoanza.

Mkirekodi, wekeni akili kwenye sauti kabla ya picha. Video hafifu yenye sauti safi hutazamwa hadi mwisho. Simu iliyowekwa nyuma ya ukumbi itakupa mwangwi na kikohozi cha jirani, kwa hiyo rekodi sauti karibu na mdomo wa mzungumzaji, hata kwa simu nyingine iliyo kwenye mfuko wa shati, halafu uziunganishe baadaye.

## Ratiba ya jioni

Saa 11:00 jioni: timu inafika, viti na mitambo inajaribiwa.
Saa 12:00 jioni: milango inafunguliwa, watu wanajisajili na kusalimiana.
Saa 12:30 jioni: makaribisho na mdhamini, dakika kumi zote pamoja.
Saa 12:40 jioni: mada ya kwanza, dakika ishirini na maswali kumi.
Saa 1:10 usiku: "Nina, natafuta", dakika kumi.
Saa 1:20 usiku: mapumziko, dakika ishirini na tano.
Saa 1:45 usiku: mada ya pili, dakika ishirini na maswali kumi.
Saa 2:15 usiku: matangazo, dakika tatu. Mazungumzo huru hadi saa 3:00.

"Nina, natafuta" inaendeshwa hivi: mtu anasimama alipo, anasema jina na sentensi mbili. "Nina uzoefu wa kuunganisha mifumo ya malipo. Natafuta mtu aliyewahi kupunguza ukubwa wa programu ya simu." Anakaa, anafuata mwingine. Sekunde ishirini kila mtu, bila majibu, bila mjadala. Mshereheshaji aandae wawili wa kufungua njia, la sivyo dakika ya kwanza itapita kimya. Mapumziko yanafuata papo hapo kwa makusudi, ili aliyesikia jambo lake asilazimike kulibeba nusu saa kabla ya kumfikia mhusika.

Anzeni kwa saa mliyotangaza hata kama waliofika ni kumi na wawili. Mkiwasubiri waliochelewa mara moja, mwezi ujao waliowahi nao watachelewa.

Mtu mmoja akae mstari wa mbele na karatasi tatu zenye herufi kubwa: 5, 2 na MUDA. Mzungumzaji aambiwe mapema kuwa ikiinuliwa ya tatu, mshereheshaji atasimama na kuja kando yake. Kusimama huko kunatosha. Hakuna anayeendelea sana akiwa na mtu mwenye tabasamu pembeni.

Maswali yanahitaji mkono thabiti. Swali lirudiwe kwenye kipaza sauti kabla ya kujibiwa, la sivyo kwenye rekodi patasikika majibu matupu. Atakuwepo wa kusimama na hotuba. Mngoje avute pumzi, kisha: "Ndugu, hilo ni zito, tulibebe hadi mapumziko. Swali lako kwa mzungumzaji ni lipi?" Akikosa swali atakaa mwenyewe. Na anayeuliza ili kumwaibisha mzungumzaji mchanga, mshereheshaji ajibu yeye: tutaendelea baadaye, swali linalofuata.

Wakati wa mapumziko waandaaji wasikusanyike pamoja, hata kama wamekumbukana kiasi gani. Kuna pendekezo la msanidi programu Eric Holscher linalojulikana kama kanuni ya Pac-Man: watu wakisimama kwenye duara wanazungumza, waache nafasi ya mtu mmoja kuingia, umbo lile la mdomo wa Pac-Man, yule duara mlaji wa mchezo wa video. Itangazeni kabla ya mapumziko. Mtu wa mlangoni, ambaye sasa anazijua sura za wageni, awachukue wawili watatu na kuwapeleka kwa walioinuka kusema wanatafuta kitu kinachofanana na kazi zao.

Mzungumzaji akikosa kufika, msikimbilie kujaza. Refusheni mapumziko, au chukueni mmoja aliyesema "natafuta" na mfanye tatizo lake mjadala wa ukumbi mzima kwa dakika ishirini.

## Siku zinazofuata

Kesho yake andika shukrani kwa kila mzungumzaji ukitaja jambo moja mahsusi lililowagusa watu. Slaidi ziwekwe wazi ndani ya siku mbili, watu wakiwa bado wanazikumbuka. Video ipitiwe yote kabla ya kupandishwa, kwa macho yanayotafuta nenosiri, barua pepe ya mteja au uso wa mtu aliyeomba asionekane, na ipandishwe mzungumzaji akishakubali.

Kwa waliohudhuria tuma maswali mawili tu: ulijifunza nini, na ulizungumza na mtu mpya? La pili ndilo nilipendalo zaidi. Majibu ya "hapana" yakiwa mengi, punguza dakika za mada jioni ijayo.

Andika pia waliojiandikisha walikuwa wangapi na waliofika wangapi. Baada ya mikutano mitatu minne utakuwa na uwiano wako mwenyewe, na hutabahatisha tena idadi ya viti. Akaunti za usajili, za video na za barua pepe ya kundi ziwe na wasimamizi wawili au zaidi, na manenosiri yakae kwenye kihifadhi cha pamoja. Mwandaaji mmoja akihama kazi au mji, mkutano unaofuata usikwame kwa sababu msimbo wa uthibitisho unaenda kwenye simu yake.